Kopo la Kilo Mbili Halina Kilo Mbili

Haba na haba hujaza kibaba. Sidhani kama yuko mwanafunzi aliyepitia shule ya msingi nchini Kenya ambaye hakupata kuikariri methali hii, kuitumia katika insha, au kuulizwa maana yake katika mtihani. Maana ya ndani wote wanaijua: akiba haiozi, na kidogo kidogo hufanya kingi. Lakini waulize wanafunzi hao hao kibaba chenyewe ni kitu gani. Nimeliuliza swali hili katika darasa la chuo kikuu, kwa vijana wanaosomea ualimu wa Kiswahili, na majibu niliyoyapata yalikuwa mengi kama wenyewe. Mmoja alisema ni kikapu, mwingine mfuko wa fedha, wa tatu mtungi wa maji. Wachache mno walijua kwamba kibaba ni kipimo cha nafaka, na kwamba nyuma ya methali hiyo pana mama aliyekuwa akitia mchele chomboni, chembe baada ya chembe, hadi ukafika ukingoni.

Kibaba kilikuwa sehemu ya utaratibu kamili wa vipimo katika mwambao wetu. Vibaba viwili vilifanya kisaga, na visaga viwili vikafanya pishi. (Wala mtu asidhani kwamba pishi hii ni jamaa ya mpishi. Mpishi ametokana na kitenzi pika, ilhali pishi ya kupimia ni neno jingine kabisa, hata kama yote mawili hukutana jikoni.) Kando ya ukoo huo palikuwa na ukoo wa pili: wakia, ratili na frasila. Pembe za ndovu na karafuu ziliuzwa kwa frasila, ambayo ilikuwa ratili 35 au 36 hivi, yaani karibu kilo 16 za leo. Msomaji ataona tofauti mara moja. Ukoo wa kwanza ulipima nafasi ambayo kitu hujaza, na ukoo wa pili ulipima jinsi kitu kinavyoilemea mizani. Mmoja ni wa ujazo, mwingine ni wa uzito.

Wazee wetu hawakuwa wakivichanganya vipimo hivi. Walijua kwamba pishi ya nafaka ilikuwa na uzito wa ratili 6 hivi, lakini hawakuiita pishi ratili sita. Kila ukoo ulibaki na majina yake, na aliyetaka kuhama kutoka huku kwenda kule alijua kwamba anavuka mto na kwamba sharti apate kivuko. Sisi wa siku hizi tumelipoteza jambo hilo. Tumechukua jina la uzito tukalibandika kwenye chombo cha ujazo, kisha tukasahau kwamba tumefanya hivyo.

Nenda katika soko lolote la Ukambani uone. Nitatoa mfano wa Ndithini, upande wa Masinga katika Kaunti ya Machakos, kwa kuwa ni mahali ninapopafahamu. Hii ni nchi kavu, yenye mvua za kubahatisha, ambako watu hulima mahindi, kunde, mbaazi na ndengu, zile ambazo watu wa Pwani huziita pojo na ndugu zetu wa Tanzania huziita choroko. Hapo sokoni, mizani ni chache na makopo ni mengi. Kipimo kikuu ni gorogoro, yaani lile kopo ambalo hapo awali liliuzwa likiwa na kilo mbili za mafuta ya kupikia. Wengine huliita kasuku, kwa jina la mafuta hayo. Mafuta yalipokwisha, kopo halikutupwa. Liligeuzwa kuwa kipimo. Na lilipogeuzwa kuwa kipimo, lilibaki na maandishi yake na sifa yake: kopo la kilo mbili.

Mwanaisimu hawezi kupita hapo bila kusimama. Hapa jina la bidhaa limehamia kwenye chombo, na uzito wa kilichokuwamo umehamia kwenye kila kitakachotiwa humo baadaye. Mahindi yakijaa kopo, huitwa kilo mbili. Maharagwe yakijaa, kilo mbili. Unga ukijaa, vilevile kilo mbili. Mama mmoja mwuzaji, nilipomwuliza kama kilo hizo ni sawa na kilo za dukani, alicheka akanijibu: "Mwalimu, kilo ya dukani na kilo ya sokoni ziliachana zamani." Jibu hilo lilinifurahisha kwa ufupi wake, lakini pia lilinitia mashaka. Mama huyo anajua kwamba kuna kilo mbili tofauti. Je, mtoto wake anayesoma shuleni anajua? Na akijua, anaweza kukokotoa tofauti yenyewe?

Hoja yangu katika makala haya ni moja. Kuhama kutoka ujazo hadi uzito, na kutoka uzito hadi ujazo, ni elimu ya lazima kwa kila mtu anayepika, anayelima, anayenunua na anayelisha wengine. Elimu hiyo haifundishwi ipasavyo, na anayelipa gharama ya upungufu huo ni maskini.

Tuanze na ukweli wenyewe. Chukua chombo cha lita moja. Ukikijaza maji, maji hayo yatakuwa na uzito wa kilo moja, wala hili si jambo la kusadifu. Wafaransa walipotunga vipimo vya mita mwaka 1795, waliamua kwamba gramu moja iwe ni uzito wa maji yanayojaza sentimita moja ya ujazo. Baadaye kilo ilihifadhiwa kwa umbo la kipande cha madini karibu na Paris, na tangu mwaka 2019 inafafanuliwa kwa hesabu za fizikia zisizotegemea kipande chochote. Lakini kwa matumizi ya jikoni, lita ya maji ingali kilo ya maji.

Sasa mwaga maji, utie vitu vingine katika chombo kile kile. Chumvi laini itakuwa na zaidi ya kilo moja, pengine kilo 1.2. Sukari itakuwa kama kilo 0.85. Mchele na ndengu zitakuwa katika kilo 0.8 au zaidi kidogo. Mahindi makavu yatakuwa kama kilo 0.73. Unga wa ngano utakuwa kilo 0.5 hadi 0.6, kutegemea kama umechungwa au umeshindiliwa. Lita ni ile ile, uzito ni mbalimbali. Sababu ni mbili: chembe zenyewe hazilingani kwa uzito, na nafasi za hewa baina ya chembe hazilingani kwa ukubwa. Vitabu vya sayansi huuita uzito huo wa kila kipande cha ujazo densiti. Mpishi hahitaji kulijua neno hilo, lakini anahitaji sana kulijua jambo lenyewe.

Turudi kwenye kopo letu. Mafuta ya kupikia ni mepesi kidogo kuliko maji. Kwa hiyo kilo mbili za mafuta hujaza takriban lita 2.2. Ukilijaza kopo hilo mahindi na kuyasawazisha ukingoni kwa kijiti, utapata kama kilo 1.6. Ukitia unga wa ngano, utapata kama kilo 1.2. Ukirundika kilele, uzito utaongezeka. Na ikiwa kitako cha kopo kimegongwa kikaingia ndani, kama ambavyo wauzaji wengine hufanya, uzito utapungua. Almuradi kopo la kilo mbili lilikuwa na kilo mbili siku moja tu katika maisha yake, siku lilipotoka kiwandani.

Hapa sina budi kuingiza suala la lugha, kwa sababu nadhani lugha yenyewe inachangia mkanganyiko huu. Katika Kiswahili, neno zito lina kazi mbili. Mzigo mzito ni ule unaoelemea. Lakini uji mzito si uji unaoelemea. Ni uji usiotiririka upesi. Vivyo hivyo maziwa mazito na mchuzi mzito. Kutokana na hali hiyo, mwulize mwanafunzi kipi ni kizito zaidi, gilasi ya mafuta ya kupikia au gilasi ya maji. Wengi watajibu mafuta, kwa kuwa lugha imekwisha kuwaambia kwamba mafuta ni mazito. Kisha mwaga mafuta kidogo juu ya maji, uwaache watazame. Mafuta yataelea. Kikombe cha mililita 250 za maji kina gramu 250. Kikombe hicho hicho cha mafuta kina gramu 230 hivi. Mafuta ni mazito kwa namna ya uji, lakini ni mepesi kwa namna ya mzigo. Siilaumu lugha yetu kwa jambo hili. Kila lugha ina maneno yenye kazi zaidi ya moja. Ninasema kwamba mwalimu anayefundisha vipimo kwa Kiswahili, au anayewafundisha watoto wanaofikiri kwa Kiswahili au Kikamba, hana budi kulifahamu tego hili kabla ya kuingia darasani.

Huenda msomaji akasema kwamba haya ni madogo, na kwamba watu wa Ndithini wamekula na kushiba kwa magorogoro miaka yote hii. Ni kweli. Muuzaji na mnunuzi wote wakitumia kopo moja, hakuna anayepunjwa: kopo kwa kopo, macho kwa macho. Madhara huanza pale kipimo kinapobadilika katikati ya njia. Na huko ndiko mkulima wetu anakokutwa. Yeye huuza kwa ujazo lakini hununua kwa uzito. Huuza ndengu kwa debe au kwa gunia, kisha hununua sukari na unga dukani kwa kilo zilizopimwa na kufungwa. Aliyenunua ndengu zake, naye huzipeleka mjini akazipime kwa mizani na kuziuza kwa kilo. Baina ya debe la shambani na kilo ya mjini kuna pengo, na anayelijua ukubwa wake ndiye anayeingia humo akatoka na faida.

Tufanye hesabu. Debe la asili lilikuwa bati la mafuta ya taa lenye galoni 4 za Kiingereza, yaani lita 18 na ushei. Likijazwa mahindi bila kilele, litabeba kama kilo 13. Likijazwa ndengu, litabeba kama kilo 14.5, kwa sababu ndengu ni ndogo na hukaa kwa kubanana. Mnunuzi akimwambia mkulima kwamba debe ni debe, na kwamba atalipa kila debe kwa hesabu ya kilo 13, mkulima wa ndengu atakuwa ametoa kilo moja na nusu bure. Kwa madebe 10 ni kilo 15, yaani zaidi ya debe zima. Na iwapo mnunuzi amekuja na ndoo ya plastiki ya lita 20 akaiita debe, hasara itazidi. Hapo hakuna uwongo uliosemwa wala mizani iliyochezewa. Ni neno moja tu lililotumiwa kwa vitu viwili.

Jambo hili ndilo lililozaa lumbesa, lile gunia linaloshonewa nyongeza juu ili libebe zaidi huku likiitwa bado gunia moja. Tanzania, kupitia Wakala wa Vipimo, imekuwa ikilipiga vita. Kenya nayo, kwa kanuni za viazi za mwaka 2019, iliagiza kwamba gunia la viazi lisizidi kilo 50. Kanuni hizo ni njema, lakini kanuni isiyoeleweka na anayelindwa nayo ni kama mwavuli uliofungwa. Mkulima atawezaje kudai kilo 50 ikiwa hana njia ya kukadiria kilo 50 zinafika wapi katika gunia lake?

Mfano wa pili unawahusu walimu moja kwa moja, nao ni wa jiko la shule. Mpango wa chakula shuleni unaotegemea mazao ya humu nchini, ulioanza mwaka 2009, uliweka kiwango cha gramu 150 za nafaka, gramu 40 za jamii ya kunde na gramu 5 za mafuta kwa mtoto mmoja kwa siku. Kiwango kimeandikwa kwa gramu. Lakini mpishi aliye mbele ya sufuria hana gramu, ana kopo. Tuseme shule ina watoto 300. Nafaka inayohitajika ni kilo 45, yaani nusu ya gunia la kilo 90. Mpishi akiamini kwamba kopo ni kilo mbili, atachota makopo 22 na nusu. Ikiwa kopo lake lililosawazishwa lina kilo 1.6, sufuriani zitakuwa zimeingia kilo 36 tu. Zimepungua kilo 9. Kila mtoto atapata gramu 120 badala ya 150, au kwa maneno mengine, shule imepika chakula cha watoto 240 na kuwagawia 300. Ni kana kwamba watoto 60 hawakuhesabiwa.

Geuza hesabu upande wa pili. Ikiwa kopo la mpishi ni kubwa zaidi na analirundika kilele hadi likawa na kilo 2.25, kwa makopo hayo hayo atapika kilo 50 na zaidi. Watoto watashiba, lakini kila baada ya siku 8 ghala itakuwa imepoteza chakula cha siku nzima. Muhula hautafika mwisho kabla mahindi hayajafika mwisho. Kisha wazazi watauliza ni nani ameiba, na mwalimu mkuu hatakuwa na jibu, kwa kuwa hakuna aliyeiba. Lakini pia, tusijidanganye, pale ambapo kipimo hakijulikani ndipo mwizi hupata pa kujificha. Vitabu vya ghala vikiandikwa kwa kilo na chakula kikitolewa kwa kopo, tofauti baina ya hivyo viwili haina mwenyewe, na mali isiyo na mwenyewe haikosi wa kuiokota.

Kwamba jambo hili linaweza kushughulikiwa kwa uzito unaostahili, tunao ushahidi wa karibu kutoka Pwani. Kila mwisho wa Ramadhani, Waislamu hutoa zaka ya fitri. Kipimo chake cha asili ni cha ujazo: swaa moja, ambayo ni mudi nne, na mudi ni kiasi kinachojaza viganja viwili vya mtu wa wastani vilivyounganishwa. Waswahili waliitafsiri swaa kuwa pishi, na mudi kuwa kibaba. Leo mchele huuzwa kwa kilo. Basi wanazuoni wamelazimika kuuvuka ule mto niliousema, nao hawafiki wote mahali pamoja: wapo wanaotaja kilo 2.5, na wapo wanaotaja kilo 3. Tofauti hizo si uzembe. Swaa ya mchele, swaa ya ngano na swaa ya tende haziwezi kuwa na uzito mmoja, na mwenye kutaka kutimiza wajibu wake huchukua kiwango cha juu ili asipunguze. Ninalolipenda hapo ni kwamba swali huulizwa waziwazi: kipimo hiki, kwa chakula hiki, ni kilo ngapi? Hilo ndilo swali ninalotaka liulizwe Ndithini na kote nchini.

Vijana wetu nao wamekutana na tatizo hilo hilo kwa mlango mwingine. Siku hizi mwanafunzi anayetaka kuoka keki hutafuta maelezo katika simu. Huko hukuta vikombe na vijiko vya kila taifa. Kikombe cha Marekani ni mililita 237 hivi. Kikombe cha vipimo vya mita ni 250. Kijiko cha chakula katika nchi nyingi ni mililita 15, lakini huko Australia ni 20. Mwandishi mmoja wa Marekani, Fannie Farmer, alisifika kwa kitabu chake cha mapishi cha mwaka 1896 kwa kusisitiza kwamba kikombe na kijiko visawazishwe ukingoni, visirundikwe. Ilikuwa hatua kubwa, lakini haikulimaliza tatizo, kwa kuwa kikombe kilichosawazishwa cha unga wa ngano kinaweza kuwa na gramu 120 ukichungwa na kutiwa taratibu, na gramu 150 ukichotwa na kushindiliwa. Kikombe cha sukari, kwa upande wake, kina kama gramu 200. Mwanafunzi akidhani kwamba kikombe cha unga na kikombe cha sukari ni gramu zile zile, keki yake haitaumuka, naye atalilaumu jiko au hamira.

Wako watakaosema kwamba dawa ni moja: makopo yapigwe marufuku, mizani iletwe, sheria ifuatwe. Kenya inayo Sheria ya Vipimo na Mizani, Sura ya 513, na sina ugomvi nayo. Hata hivyo, sikubaliani na wanaotaka kopo litoweke. Kopo lina fadhila zake. Mnunuzi huliona kwa macho yake likijaa, na hata asiyejua kusoma tarakimu hulielewa. Halihitaji betri wala fundi. Mizani inaweza kuchezewa na anayeijua dhidi ya asiyeijua, na mama anayeuza makopo matano kwa siku hatamudu kununua mizani iliyopigwa muhuri. Tena mizani bila elimu haimkomboi mtu. Humhamisha tu kutoka katika ujinga mmoja hadi mwingine. Kopo na libaki. Tunachohitaji ni kujua linabeba nini.

Na kulijua si kazi ya wataalamu. Ni somo la kipindi kimoja katika shule yoyote. Mwalimu na alete kopo, ndoo na mizani, hata ya kuazima. Wanafunzi walipime kopo tupu, wauandike uzito wake. Walijaze mahindi, walisawazishe kwa kijiti, walipime tena, na watoe uzito wa kopo. Warudie mara tatu, watafute wastani, maana mkono wa mtu haujazi sawasawa kila mara. Kisha wafanye hivyo kwa maharagwe, ndengu, mchele, unga na sukari. Palipokosekana mizani, kijiti kilichoning'inizwa katikati kwa uzi, na kopo kila upande, kitatosha. Mawe ya kupimia yapo tayari: pakiti ya unga ya kilo mbili, pakiti ya sukari ya kilo moja, na chupa ya nusu lita iliyojazwa maji, ambayo maji yake ni gramu 500.

Matokeo na yaandikwe katika jedwali moja lenye safu mbili, chakula na uzito wake kwa kopo hilo, libandikwe ukutani katika jiko la shule. Nakala na iende nyumbani kwa kila mtoto. Nasisitiza neno hilo, kopo hilo. Jedwali la shule ya jirani halifai, kwa kuwa makopo hayalingani. Baada ya hapo kanuni ni nyepesi. Ukitaka uzito, zidisha idadi ya makopo kwa uzito wa kopo moja la chakula hicho. Ukitaka makopo, gawanya uzito unaohitajika kwa uzito wa kopo moja. Kilo 45 za mahindi kwa kopo la kilo 1.6 ni makopo 28 na kitu kidogo, wala si 22 na nusu. Mpishi akisha kuambiwa 28, hahitaji tena kusumbuliwa na gramu.

Nina ombo pia kwa wenzangu wa taaluma ya lugha. Vitabu vyetu vya methali hueleza kwamba kibaba ni kipimo, vikaishia hapo. Navieleze ni kipimo cha nini, kinaingia mara ngapi katika pishi, na kwa nini hakikuwa ratili. Kamusi zetu nazo zinapolieleza debe, gorogoro na kikombe, zitaje wazi kwamba hivi ni vipimo vya ujazo. Na mwalimu wa Kiswahili, wa hisabati na wa sayansi wasikae kila mmoja katika chumba chake, kwa sababu mtoto anayejifunza kwa mmoja kwamba uji ni mzito ndiye anayeulizwa na mwingine uzito wa uji.

Gharama ya haya yote ni kopo moja, mizani ya kuazima na dakika 40. Faida yake itaonekana katika sahani ya mtoto, katika daftari la ghala, na siku mkulima wa Ndithini atakapomwambia mnunuzi wa ndengu, kwa upole lakini bila kusitasita, kwamba debe lake lina kilo 14 na nusu na kwamba amelipima mwenyewe.